Usingizi wa Mzee Murtadha

Watu walikuwa wakienda hospitali kumtazama Mzee Murtadha akilala. Walisimama mlangoni wawili wawili, wakatazama, wakatikisa vichwa, wakawapisha wenzao. Kwa miaka mitatu na ushei mzee huyu alikesha kila usiku kwenye baraza ya nyumba yake Mtendeni, redio ubavuni, taa juu ya kichwa, na hakuna mtu wa mtaa ule aliyerudi nyumbani saa yoyote ile asimkute macho makavu. Harusi zilikwisha, matanga yakaanuliwa, wauza maziwa wa alfajiri wakapita, yeye yupo. Sasa alikuwa amelala tangu usiku wa Jumanne, na hii ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Inspekta Kuluthumu Ngollo naye alisimama akatazama. Alikuwa na miaka kumi na minne katika upelelezi, ameona maiti za kila namna, na wazima waliojifanya maiti, lakini uso kama ule hakuwahi kuuona. Mashavu yamelegea, mdomo u wazi kidogo, makunyanzi yote ya paji yamekunjuka. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeshiba maziwa, tofauti yake ni ndevu nyeupe. Kuluthumu akajikuta amevua kofia, na hakumbuki aliivua saa ngapi.

Daktari wa zamu alimtoa ukumbini, akamrudisha duniani. Huu si usingizi, alisema, mzee kameza kitu. Damu imepelekwa kwa mkemia, na majibu hayarudi kabla ya wiki. Dawa zinazomlaza mtu namna hii ni nyingi, kila moja ina njia yake ya kuitoa mwilini, na kwa moyo wa mzee kama huyu njia ya dawa moja ikitumiwa kwa nyingine inaweza kummaliza.

"Nipe jina la dawa kabla ya magharibi," alisema daktari. "Jana alikuwa akivuta pumzi kumi na mbili kwa dakika. Sasa ni tisa."

Jina la mkosaji, kwa upande wa mji, lilikwisha patikana. Jumanne baada ya alasiri Mzee Murtadha alikuwa kwa Daktari Najiat, yule binti anayetibu kwa sindano za Kichina. Alirudi kwake, akaswali isha, na alfajiri mkewe akashindwa kumwamsha. Watu hawakutaka kusikia zaidi ya hapo. Kibao cha kliniki kilikwisha pigwa mawe, na Najiat mwenyewe alikuwa mahabusu, nusu kwa kushukiwa na nusu kwa kulindwa. Mkuu wa Kuluthumu alitaka hati ya mashtaka mezani kwake jioni hiyo, na mzee akifa, iandikwe ya kuua.

Kuluthumu alimtoa Najiat kituoni akaenda naye kwenye kliniki, akakata utepe wa polisi, akamwambia amwonyeshe kazi ilivyofanyika Jumanne, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, kabati la vidroo vya mizizi na mbegu, na ukutani picha ya mtu mzima aliyejaa nukta kuanzia utosini hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Najiat alikuwa mzaliwa wa Tabora, mjukuu wa wauza vitambaa wa sokoni. Aliondoka na miaka kumi na tisa, akakaa China miaka saba kwa masomo, akarudi na miwani, shahada, na utulivu wa ajabu. Hata baada ya kulala sakafuni mahabusu alinawa mikono kwanza ndipo akagusa kitu.

Walianza na kisanduku cha manjano cha kutupia sindano. Daftari la vifaa lilisema Jumanne zilitumika kumi na mbili. Kuluthumu alizitoa moja moja kwa koleo ndogo, akazipanga juu ya kitambaa, zikawa kumi na mbili. Akaichukua moja mpya kwenye pakiti yake, akaiinua dirishani. Ilikuwa nyembamba hata alilazimika kuigeuza mara mbili ndipo mwanga ukaionyesha, unywele wa chuma wenye mpini mdogo wa waya uliosokotwa. Akaitazama nchani, akaitazama tena kwa kioo cha kukuzia.

"Haina tundu," alisema.

"Haina, Afande. Haipitishi kitu. Inaingia yenyewe na inatoka yenyewe."

Mji mzima ulikuwa ukisema binti huyu kamdunga mzee sumu, na sindano yenyewe haina pa kupitishia hata tone. Kuluthumu aliandika hilo kwa herufi kubwa. Kisha akakunja mkono wa shati, akauweka mezani, akamwambia Najiat amchome pale pale alipomchoma mzee.

Najiat hakuishika sindano kwanza. Aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Inspekta, juu ya mshipa, akasikiliza mapigo, akaomba aone na ulimi. Alipomaliza alisema kwa upole kwamba Afande anakula mlo mmoja kwa siku, na ule wa usiku sana, na kwamba akilala anasaga meno. La kusaga meno alilijua mama yake peke yake, na mama yake alikuwa kijijini Kigwa.

Sindano iliingia upande wa kidole cha mwisho, kwenye mkunjo wa kiganja. Wachina, alisema Najiat, mahali hapo wanapaita Lango la Roho. Kuluthumu alingoja maumivu, hayakuja. Kilichokuja ni uzito, mzuri, wa taratibu, uliopanda kwenye kigasha ukafika begani ukatua hapo. Kelele za barabarani zilikuwepo lakini zilisogea mbali kidogo. Aliona ni kama dakika mbili zimepita. Najiat alipoichomoa, saa ya ukutani ilisema dakika kumi na tano, na pale ilipoingia hapakuwa na damu wala alama.

"Subhanallah," alisema Kuluthumu kwa sauti ndogo, na hakuona haya kuonekana ameduwaa. Alikuwa mtu wa ushahidi, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umetoa ushahidi.

Lakini kazi ni kazi. Aliomba daftari la wagonjwa, na hapo mambo yakakwama, kwa sababu kurasa zote zilikuwa za maandishi ya Kichina. Najiat alieleza kwamba mji ni mdogo, na hataki siri za watu zisomwe na kila anayefagia chumba. Alimsomea kurasa za mwanzo bila kusita: Mzee Murtadha alikuja mara tisa, mara tatu kwa wiki, sindano kumi na mbili kila safari, na pakiti ya mbegu za kuchemsha, mbegu za mti wa Kichina ambao ni ndugu kabisa wa mkunazi wetu. Mbegu zilikwisha Jumapili, na mzigo mwingine haujafika. Alipofikia ziara ya tano alilifunga daftari.

"Kuanzia hapa ni amana," alisema. "Mzee aliniapisha."

"Unajua unaweza kufungwa."

"Najua. Muulize mkewe, Bi Zeyana, Afande. Mimi niliapishwa, yeye hakuapishwa."

Kuluthumu alichukua sampuli ya kila kidroo, akamrudisha Najiat kituoni, akaenda Mtendeni. Alikuwa hajafika hata kwenye nyumba ya mzee. Majirani wawili walimvuta pembeni wakamwambia jambo walilokuwa wakilitafuna tangu jana: Jumanne asubuhi, mzee akiwa mzima anatembea, mkewe alionekana akichuma majani ya mkunazi, ungo mzima. Kwa Waislamu wa Tabora majani ya mkunazi yanajulikana kwa shughuli moja kuu, yanapondwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Mke aliyechuma majani hayo siku moja kabla ya mume kuzimia alikuwa na maneno ya kueleza.

Bi Zeyana alikuwa amerudi kutoka hospitali kuoga na kuswali. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, wa ukoo wa Kimanga kama mumewe, macho mekundu, mtandio mweusi.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Kuluthumu alimuuliza ya mkunazi bila kuzunguka. Bi Zeyana alicheka kicheko kisicho na furaha, akaenda jikoni akarudi na sufuria. Ndani yake majani yalikuwa yamechemka yakawa meusi. Daktari Najiat, alisema, aliwaambia dawa ya usingizi ni mbegu za ndugu wa mkunazi. Mbegu zilipokwisha akaona, kama ndugu wa mbali anatibu, huyu wa uani hatashindwa. Mbegu zake zilikuwa hazijakomaa, akachemsha majani. Majirani wamemwona, wamemhesabia maiti, na mume wake bado anapumua. Mwenyewe alikunywa kikombe kizima kabla ya kumpa mzee, maana kitu asichokionja yeye hakimfikii mumewe. Yeye aliamka alfajiri ya Jumatano kama kawaida, na tangu hapo hajalala hata dakika moja.

Kuluthumu alilitoa jani moja, akalinusa, akalitafuna. Mkunazi, na si kingine. Akafuta mstari mmoja kwenye daftari lake, kwa furaha kuliko alivyotarajia, akauliza mzee alikula na kunywa nini Jumanne baada ya kutoka kwenye sindano. Ugali wa mtama na mtindi, walikula sinia moja. Maji ya mtungi ule ule. Kisha, baada ya isha, asali.

Asali aliileta fundi Adinani, seremala wa mtaa wa pili. Bi Zeyana alimsifu sana. Alikuwa mtu wa watu, mwenye karakana ya milango na vitanda, hakuoa, anamlea dada yake Mwanamkuu anayeanguka kifafa, kila mwezi anakwenda mwenyewe kumchukulia vidonge. Alisikia mzee anahangaikia usingizi, akaleta chupa ya asali, akasema ni ya dawa, inywewe nusu kikombe kwa mkupuo kabla ya kuketi barazani. Na jana huyo huyo Adinani ndiye aliyekuwa wa kwanza hospitali, akalia, akawaambia watu kuwa sindano za Kichina zimemuua rafiki yake.

"Chupa ipo?"

Ilikuwepo, nyuma ya kopo la chumvi, imebaki robo. Kuluthumu aliishika kwa leso. Baba yake alikuwa mfuga nyuki wa Kigwa, mizinga yake ilining'inia porini hadi leo, na yeye mwenyewe alikulia kwenye moshi wa kurinia. Aliilaza chupa, na asali ikakimbia upande wa pili upesi upesi. Ilikuwa asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, nyepesi karibu na maji, yenye uchachu na uchungu wa mbali. Watu wa huko hawaipaki kwenye mkate, wanainywa kwa kikohozi na vidonda vya tumbo. Mtu anayetaka kuficha kitu kichungu asingepata mahali pazuri kuliko hapo.

Ila aliyeificha hakuwa mfuga nyuki. Asali ya nyuki wakubwa ni nzito, unga ungenaswa humo ukabaki umeelea. Hii nyepesi ilikuwa imeuacha uzame. Kuluthumu aliisimamisha chupa dirishani, na chini kabisa, juu ya kitako, kulikuwa na utando mweupe. Aliugusa kwa ncha ya kijiti, kijiti akakigusisha ulimini, akatema. Uchungu ule haukutoka kwenye ua lolote la porini.

Bi Zeyana alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliuliza Adinani ana ugomvi gani na mume wake, na Kuluthumu akasema hilo ndilo na yeye hajalijua. Hawakuwa na mirathi ya pamoja, hawakuwa na kesi, hawakuwahi kununiana. Alitoka nje, barazani, ili afikiri. Kiti cha mzee kilikuwa pale pale, cha mbao na kamba, kimekalika mpaka kikashika umbo lake. Redio ilikuwa kwenye stuli. Kuluthumu akaketi, akaweka mikono mahali mzee alipoweka yake, akatazama mbele kama alivyotazama yeye usiku elfu moja na zaidi.

Kutoka kwenye kiti kile mtu anaona kitu kimoja tu: nyumba ya ng'ambo ya barabara, nyumba ya kina Ghadir, waliohamia Muskat zamani wakaifunga. Ilikuwa nyumba ya enzi za misafara, na mlango wake Kuluthumu aliujua tangu akiwa msichana wa shule. Alikuwa akisimama kuupapasa: minyororo iliyochongwa pembeni, mitende juu, aya kwenye kizingiti cha juu, misumari ya shaba mikubwa kama vikombe vya kahawa. Wapagazi waliotoka Ujiji kwa miguu waliupita mlango ule. Wageni walikuwa wakija na kamera kwa ajili yake.

Haukuwepo. Mahali pake paligongomewa mbao mpya za mninga, vizuri kabisa, kwa mkono wa fundi.

Alivuka barabara. Kwenye kizingiti kulikuwa na vumbi la mbao ambalo bado halijabadilika rangi, na matundu ya misumari yaliyong'olewa kwa uangalifu, bila kupasua. Kwenye mchanga wa pembeni magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yamezama sana, mzigo wa watu wanne. Bi Zeyana aliyemfuata alijishika kifua. Tangu Jumatano alfajiri amekuwa hospitali, alisema, hata kichwa hakuinua. Na waliopita wakaziona mbao mpya walidhani kina Ghadir wameagiza matengenezo, na anayetengeneza nyumba ile siku zote ni Adinani.

"Hawakuitaka roho ya mzee," alisema Kuluthumu. "Waliyataka macho yake. Usiku mmoja tu."

Hapo Bi Zeyana aliketi chini, juu ya jiwe la mlangoni pa watu, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Na hapo ndipo Kuluthumu alipoambiwa lile ambalo Najiat aliapishwa asiliseme.

Mzee Murtadha alikuwa akilala. Tangu ile ziara ya tano, usiku wa kumi na moja mfululizo, aliingia ndani saa nne, akaweka kichwa, akalala hadi adhana ya alfajiri. Usiku wa kwanza mkewe alikaa kitandani akimsikiliza akikoroma, machozi yakimtoka, akiogopa hata kugeuka. Asubuhi mzee alimwambia asimweleze mtu. Kwanza aliogopa husuda. Neema ikitangazwa mapema huingiwa na jicho, basi zitimie kwanza ziara kumi na mbili ndipo wachinje mbuzi na kuwaambia watu. Na la pili aliona haya. Mtaa mzima ulilala milango wazi kwa kumtegemea yeye. Atawaambiaje kwamba mlinzi wao anakoroma? Kwa hiyo kila usiku saa nne Bi Zeyana aliliweka juba la mumewe kwenye kiti, akalijaza mto, akafunga kilemba juu ya mtungi mdogo, akaacha taa ikiwaka na redio ikisema.

Kuluthumu alikitazama kile kiti ng'ambo ya barabara kwa muda mrefu. Sindano isiyo na tundu, unywele wa chuma, ilikuwa imefanya jambo ambalo vidonge vya miaka mitatu havikulifanya, na katika mji wote walilijua watu watatu.

Saa kumi kasorobo alikuwa kwenye karakana ya Adinani. Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini, mpana, mwenye penseli sikioni, akipiga randa ubao ambao ulikwisha lainika zamani. Kuluthumu aliwaacha askari wawili nje, akamwamkia, naye akaitikia bila kuinua kichwa. Fundi aliuliza kama mzee ameamka.

"Bado. Daktari anataka jina la dawa. Nimekuja kulichukua kwako."

Randa ilisimama. Adinani alisema dawa anazo yule binti wa Kichina. Kuluthumu akaiweka chupa ya asali juu ya ubao, wima, na jua la mlangoni likaupiga ule utando mweupe. Fundi aliitazama chupa, akatazama mikono yake.

"Dada yako Mwanamkuu anakunywa vidonge gani vya kifafa?"

Adinani aliipangusa randa yake.

"Fundi. Asubuhi alikuwa anavuta pumzi tisa kwa dakika. Nimepiga simu sasa hivi, ni saba. Mlango nitautafuta mwenyewe, hata ukiwa wapi. Hilo ni kosa la wizi. Jua likitua hujanipa jina, hutakuwa mwizi tena."

Adinani aliinuka, akaenda chumba cha nyuma, na Kuluthumu nyuma yake. Alirudi na pakiti ya karatasi ya kahawia yenye mwandiko wa mfamasia. Kuluthumu alimsomea daktari jina kwenye simu, herufi kwa herufi, mara mbili. Upande wa pili alisikia daktari akiita watu, viti vikisogezwa, kisha simu ikakatwa. Alipiga nyingine kwa wenzake wa Nzega, kwa sababu fundi sasa alikuwa akisema yote bila kuulizwa. Mnunuzi alikuwa mtu wa malori, anangoja njia panda ya Nzega apate mzigo mwingine wa kuufunikia mlango. Alisema anahitaji usiku mmoja wa barabara tupu. Barabara ile haikuwa tupu hata usiku mmoja, kwa ajili ya yule mzee.

"Sikutaka afe," alisema Adinani. "Ni rafiki yangu. Dada yangu kimoja kinamtosha analegea. Lakini huyu hajalala miaka mitatu, Afande. Nikasema mtu wa namna ile kidogo hakimgusi. Nikaongeza. Nikaongeza tena."

"Usiku ule mlimwona?"

"Tulimwona. Kainamisha kichwa, redio inasema. Tukapita mbele yake kwa miguu mitupu."

Kuluthumu alivuta kigoda akaketi. Angeweza kunyamaza, jalada lilikwisha timia. Lakini aliona mtu huyu anastahili kulijua.

"Mlikipitia kilemba juu ya mtungi," alisema. "Mzee alikuwa chumbani. Alilala saa nne, usiku wa kumi na moja mfululizo. Zile sindano zilimponya. Hata usingempa kitu, Fundi, ungeuchukua mlango wako kwa vigelegele asingesikia."

Adinani aliuliza kama ni kweli, akaambiwa ni kweli. Ndipo akateremka taratibu mpaka akaketi kwenye maranda, mtu mzima, penseli bado iko sikioni, na askari walipoingia na pingu alikuwa akiwauliza wao, mmoja baada ya mwingine, kwa nini mzee hakumwambia.

Lori lilikutwa Nzega jioni ile ile, mlango umelala chini ya marobota ya pamba, hauna hata mkwaruzo. Najiat alitolewa mahabusu kabla ya isha. Aliomba jambo moja tu, apelekwe hospitali, na daktari wa zamu, ambaye hakuwa mtu wa kukubali upesi, alimsogezea kiti kitandani.

Mzee Murtadha alifumbua macho Jumamosi baada ya adhuhuri. Walikuwepo Bi Zeyana, Najiat akiwa na vidole vitatu kwenye mshipa wake, na Kuluthumu mlangoni, aliyekuja kuchukua maelezo. Mzee alitazama dari, akatazama dirisha lenye jua kali, akaelewa kwamba ni mchana na yeye yuko kitandani. Uso ukamjaa wasiwasi. Alimtafuta mkewe kwa mkono.

"Zeyana," alisema kwa sauti iliyokauka. "Watu wamejua kuwa nalala?"

Bi Zeyana alimvuta shuka hadi kifuani, akaikunja vizuri pembeni. "Wamejua, mume wangu. Na jana usiku mtaa mzima ulitoa viti. Wamekaa barazani kwa zamu hadi alfajiri, ili wewe ulale."

Mzee alilifikiria hilo kwa muda. Kisha akageukia ukutani, akapachika kiganja chini ya shavu, na kabla hawajaamua kama wamwite daktari alikuwa akikoroma. Kuluthumu alimtazama Najiat. Najiat alisikiliza mshipa, akautoa mkono polepole asimwamshe, akasema kwamba usingizi huu sasa ni wake mwenyewe. Kuluthumu aliweka daftari la maelezo mfukoni, akavua kofia, safari hii kwa kujua, akasimama pale akihesabu pumzi. Zilikuwa kumi na nne kwa dakika.